Anime ya Zamani au ya Sasa: Jinsi Jicho la Morogoro Linavyochagua

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Kufikia mwaka huo Wajapani walikuwa wametazama anime nyumbani kwao kwa miaka 31, tangu Januari 1, 1963, roboti mtoto wa Osamu Tezuka, Astro Boy, alipoanza kuonekana kwenye vioo vyao. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya zama za anime iliyopakwa rangi kwa brashi ilipita kabla vituo vya Bara havijazaliwa. Mtoto wa Morogoro wa mwaka 1986 hakutoka shule mbio ili aiwahi Dragon Ball. Hakuwa na pa kuiwahi.

Historia hiyo fupi ndiyo inayofanya ubishi wa vijana wa Morogoro kuhusu michoro ya anime ustahili kuchambuliwa peke yake. Ubishi huo upo, na huwa mkali hasa palipo na wanafunzi, iwe ni mabweni ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) na Mzumbe, vyumba vya kupanga vya Mafiga na Kihonda, au vibanda vya kurushia muvi kwenye flashi. Mmoja anashikilia kwamba mchoro wa Dragon Ball Z au Cowboy Bebop una uzito ambao hauonekani tena. Mwenzake anamwonyesha pambano moja la Demon Slayer na kumuuliza ni mchoraji gani wa zamani angeweza kuupinda moto namna ile. Hakuna anayemshawishi mwenzake, na wote wawili wanaamini wanachotetea.

Kwingineko duniani jibu la haraka la ubishi huu ni utoto. Mfaransa aliyekuwa na miaka minane mwaka 1978, televisheni ya kwao ilipoanza kuonyesha anime ya Goldorak, ana haki ya kuipenda mistari ya Goldorak hadi uzeeni. Hata miongoni mwa Waswahili wapo wenye kumbukumbu ya namna hiyo. Familia zenye asili ya Oman zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingi zikapata makao Muscat baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, zililea watoto waliosikia Kiswahili jikoni na kutazama anime kwa Kiarabu sebuleni. Goldorak huyohuyo, kwa jina lake jingine la Grendizer, alifika nchi za Kiarabu kupitia Lebanon, wimbo wake ukiimbwa na Sami Clark. Captain Tsubasa, mcheza mpira, akaitwa Captain Majid. Mtu wa kundi hilo, ambaye leo ni mzazi au babu, anapotetea mchoro wa miaka ya 1970 anatetea pia alasiri zake za utotoni, na hakuna hoja ya rangi wala mstari itakayomtoa hapo.

Kijana wa Morogoro aliyezaliwa mwaka 2004 yuko kwingine kabisa. Kwake, Akira ya 1988 na Jujutsu Kaisen ya 2020 zinaweza kuwa zilifika kwenye simu ileile ndani ya wiki moja, zimerushwa kutoka flashi moja. Hakuna iliyomkuta mtoto na nyingine ikamkuta mtu mzima. Akichagua ya zamani, hachagui utoto wake, anachagua mchoro. Hiyo ndiyo faida ya kuutazama ubishi huu kutoka mji ulio chini ya Uluguru. Ukishaondoa kumbukumbu, kinachobaki ni namna kazi ilivyotengenezwa, kioo ilichotazamiwa, na jicho lililozoea kuona nini.

Tuanze na karakana, kwa sababu wengi hubishana bila kujua kilichokuwa kikifanyika humo. Katika studio ya zamani mchoraji alichora kwa penseli kwenye karatasi. Mchoro ukahamishiwa kwenye karatasi ya plastiki angavu, ambayo wenye fani huiita seli, mwanzoni kwa kalamu ya mkono na baadaye kwa mashine. Wapaka rangi, wengi wao wanawake, waliigeuza seli na kuipaka upande wa nyuma, ili mstari ulioko mbele usifunikwe. Seli zikapangwa juu ya mandhari iliyochorwa kwa rangi za maji, kisha zikapigwa picha moja baada ya nyingine kwa kamera ya filamu.

Kila hatua iliacha alama yake. Rangi ilitoka kwenye kopo, na makopo yalikuwa na idadi, kwa hiyo sura ya mtu ilipata rangi ya mwanga na rangi ya kivuli, basi. Mstari ulilazimika kuwa mnene, la sivyo ungepotea kwenye filamu. Filamu yenyewe ikaongeza chembechembe zake, na taa za karakana zikaleta mng'ao laini pembezoni mwa vitu vyeupe. Yule anayesema mchoro wa zamani una "uzito" anasema kweli, ingawa pengine hajui kwamba anachokiona ni vitu halisi vilivyokaa mbele ya kamera: plastiki, rangi iliyokauka, karatasi yenye ngozi.

Lakini karakana hiyohiyo ilikuwa na njaa ya muda na fedha. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Tezuka, ili aweze kutoa sehemu mpya ya Astro Boy kila wiki, alitumia mara nyingi michoro minane tu kwa sekunde, au pungufu, akaacha mdomo peke yake ucheze huku mwili umesimama. Mbinu hiyo ya kubana matumizi ikawa desturi ya anime yote ya televisheni. Ndiyo sababu mashujaa wa Dragon Ball Z hutazamana kwa muda mrefu mno, na mshale wa nishati uleule huruka tena wiki inayofuata. Akira ilikuwa kinyume chake: michoro zaidi ya 160,000 na rangi 327, baadhi zikitengenezwa mahsusi kwa usiku wa Neo-Tokyo. Anayeichukua Akira kuwa mfano wa "zamani" na kuilinganisha na sizoni yoyote ya juzi anapima kilele cha mlima mmoja dhidi ya bonde la mwingine. Anime mbovu za mwaka 1988 zilikuwa nyingi. Hazikufika Morogoro kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuzihifadhi, na huu ni upendeleo ambao historia huwafanyia watetezi wote wa kale, wa sanaa yoyote.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Studio za Toei zilianza kupaka rangi kwa kompyuta katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Mwaka 1997 Hayao Miyazaki alitoa Princess Mononoke, kazi ya seli iliyochanganywa na dakika chache za kompyuta, na mwaka 1999 studio yake ya Ghibli ikatoa My Neighbors the Yamadas, filamu yake ya kwanza isiyotumia seli kabisa. Wa mwisho kuachana nazo alikuwa Sazae-san, kipindi cha familia kilichoanza mwaka 1969, ambacho kiliaga seli mwaka 2013. Kwa kompyuta rangi hazina idadi, kamera huzunguka jengo lote bila kuchoka, na mwanga hupakwa tabaka juu ya tabaka baada ya mchoro kukamilika.

Jambo moja lapaswa kusemwa waziwazi hapa: kompyuta haikuchukua nafasi ya mchoraji. Anime nyingi za sasa bado huchorwa kwa mkono, kwa penseli au kwa kalamu juu ya kioo. Kilichobadilika ni rangi, kamera na namna ya kuunganisha tabaka. Jina la Kyoto si geni SUA, kwa kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifanya kazi hapo pamoja na shirika la Japani la JICA, na vijiji vya Uluguru vilikuwa miongoni mwa maeneo yao ya utafiti. Katika mkoa huohuo wa Kyoto ipo studio ya Kyoto Animation, iliyoanzishwa mwaka 1981. Kazi yake ya 2018, Violet Evergarden, ina vidole, nyuzi za nywele na mikunjo ya nguo iliyochorwa kwa uvumilivu ambao seli za televisheni zisingeumudu. Julai 18, 2019 studio hiyo ilichomwa moto kwa makusudi na watu 36 wakafa, wengi wao wachoraji. Kusema kwamba anime ya sasa "haina mkono wa mtu" ni kuwakosea watu hao.

Mpaka kati ya zamani na sasa nao hauko pale wengi wanapouweka. Ukiwauliza vijana wengi wa Tanzania anime ya zamani ni ipi, Naruto hutajwa haraka. Naruto ilianza mwaka 2002, na rangi zake zilipakwa kwa kompyuta. Ni zao la miaka ile ya mpito, takriban 2000 hadi 2006, ambapo studio zilikuwa zimeacha seli lakini bado hazijajua kutumia vizuri kilichozipokea. Rangi zilikuwa bapa na kali, picha haikuwa na ukali wa kutosha, na mistari ya pembeni ilikuwa na vijimeno. Kwa jicho lolote la haki, hicho ndicho kipindi dhaifu zaidi kwa sura kuliko vyote vilivyokitangulia na kukifuata. Naruto inapendwa kwa yatima wake na kwa mapigano yaliyobuniwa na wachoraji hodari wachache. Anayeipenda kwa sababu ya "mchoro wa zamani" amechanganya mchoro na hadithi, na kosa hilo ni la kawaida kuliko linavyokubaliwa.

Sasa kioo. Juu ya kilele cha Bondwa, kinachoutazama mji, imesimama minara ya mawasiliano inayoonekana toka barabarani. Picha ilifika Morogoro kwa njia nyingi: mawimbi ya televisheni, kanda za video, diski zilizobanwa filamu nyingi ndani ya moja, na hatimaye intaneti yenye kasi baada ya kebo ya SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009. King'amuzi cha DStv kilibeba chaneli ya anime, Animax, kati ya 2007 na 2010, lakini hicho kilikuwa cha wenye uwezo. Netflix ilifungua milango Afrika mwaka 2016. Hata hivyo kwa mwanafunzi anayehesabu bando, njia kuu imebaki kuwa faili dogo kwenye simu, na udogo wa faili una la kusema katika ubishi huu kuliko watu wanavyofikiri.

Video hupunguzwa uzito kwa kutupa kile ambacho jicho halitakitafuta. Programu hulinganisha picha na ile iliyotangulia. Palipofanana haiandiki upya. Eneo la rangi moja lililozungushiwa mstari mweusi ni jepesi kubana. Cheche, mvua, vumbi na moto ni vigumu, kwa kuwa kila picha ni mpya. Ichukue sehemu ya 19 ya Demon Slayer, iliyorushwa Agosti 2019 na kuifanya studio ya Ufotable izungumzwe dunia nzima, ambapo upanga wa shujaa wake Tanjiro unageuka kutoka maji kuwa moto. Kwenye nakala nzuri ni kazi ya kustaajabisha. Kwenye nakala ya megabaiti chache moto huo unavunjika kuwa miraba-miraba, na mistari myembamba ya uso inazama. Dragon Ball Z kwenye simu hiyohiyo inabaki imara: nywele za Goku ni kipande kimoja cha rangi, mstari wake ni mnene, kivuli chake ni kimoja. Kwa hiyo mtazamaji anayesema ya zamani inaonekana vizuri zaidi pengine anasema kweli kabisa kuhusu simu yake, bila kusema lolote kuhusu sanaa.

Filamu kubwa za kale hazikusalimika pia. Chembechembe za filamu ni adui wa faili dogo kama zilivyo cheche, na anayezibana huzifuta, pamoja na nusu ya mistari. Usiku wa Akira ukibanwa sana huwa tope. Ni halali kusema kwamba watazamaji wengi walioidharau hawajaiona.

Umbo la picha nalo lina athari. Anime ya seli ya televisheni ilichorwa kwa kioo cha 4 kwa 3, na simu ikilazwa inaacha mapengo meusi kushoto na kulia. Lakini siku hizi vipande vifupi hutazamwa simu ikiwa imesimama wima, na hapo mambo hugeuka: picha ya 4 kwa 3 inajaza nafasi kubwa kuliko picha pana ya 16 kwa 9. Uso wa Spike wa Cowboy Bebop unakuja karibu na mtazamaji kuliko uso wa shujaa wa mwaka jana. Sehemu ya mvuto mpya wa michoro ya miaka ya 1990 kwa vijana wasioiishi imetokana na jambo hili la vipimo.

Kisha kuna sauti. Afrika Mashariki imekuwa na mafundi wa kuzungumza juu ya filamu kwa Kiswahili: Tanzania ilikuwa na Lufufu, mmoja wa waliotangulia, na Kenya ina DJ Afro. Mtazamaji wa filamu iliyotafsiriwa kwa mtindo huo hasomi chochote. Macho yake yote yako kwenye picha. Mtazamaji wa anime hutegemea maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo kwa kasi. Macho yake yanagawanyika, na asiyesoma Kiingereza haraka huona mchoro kwa kuiba. Katika hali hiyo mchoro uliotulia, wenye pozi ndefu na sura zinazosomeka kwa haraka, humfaa zaidi kuliko pambano la sasa lenye kamera inayozunguka. Ile mbinu ya Tezuka ya kubana matumizi, baada ya miaka sitini, imempa nafasi ya kupumua msomaji wa maandishi wa Morogoro.

Kuhusu milima, mtu wa hapa ana neno. Anayekua chini ya Uluguru huona kila siku wingu likishuka kwenye miteremko baada ya mchana, mashamba ya ngazi yakififia, na msitu wa juu, kuelekea Lukwangule na Kimhandu yenye zaidi ya mita 2,600, ukifichwa kabisa. Anajua ukungu wa kweli ukoje: hauna kingo, na kijani kilicho ndani yake ni cheusi zaidi kuliko kijani cha juani. Kazuo Oga, aliyeongoza mandhari ya My Neighbor Totoro mwaka 1988, alichora kwa rangi za maji juu ya karatasi iliyolowa, na unyevu huo ukafanya kazi ambayo kompyuta huitafuta kwa hesabu nyingi. Msitu wa Princess Mononoke uliochochewa na kisiwa cha Yakushima, wenye kuvumwani na mizizi mibichi, unamkumbusha msitu wa Uluguru mtu aliyewahi kuupanda kupita eneo la Morningside. Mandhari ya Makoto Shinkai katika Your Name ya 2016 ni ya namna nyingine: kila jani lina ukingo wake, jua linapiga kioo cha kamera, anga inang'aa kama imetoka kuoshwa. Ni nzuri mno kwa mji, kwa treni, kwa mvua juu ya lami. Kwa mlima wenye ukungu haifikii brashi ya Oga, na hapa upande wa zamani unashinda bila msaada wa kumbukumbu ya mtu yeyote.

Ila upande huo una deni ambalo mtazamaji wa Afrika hawezi kulipita kimya. Jungle Emperor ya Tezuka, iliyorushwa kuanzia Oktoba 1965 na kuwa mfululizo wa kwanza wa anime ya rangi kwenye televisheni ya Japani, ilikuwa hadithi ya simba mweupe wa Afrika. Katika kazi hiyo wanyama walichorwa kwa upendo, na watu weusi wakachorwa kwa midomo mikubwa na macho ya duara, kwa mtindo ulioigwa kutoka katuni za dharau za Marekani. Bwana Popo wa Dragon Ball, mweusi tii mwenye midomo minene myekundu, ni mtoto wa mtindo huohuo. Kuchora nyuso za watu weusi kama nyuso za watu kumechelewa, na kumekuja zaidi na kizazi cha sasa: Carole & Tuesday ya 2019, au Yasuke ya 2021, iliyobuniwa na Mmarekani mweusi LeSean Thomas na kuchorwa na studio ya MAPPA, kuhusu Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 na kumtumikia mbabe wa vita Oda Nobunaga. Rangi ya ngozi katika kazi hizi ina mwanga wa aina nyingi, na zana za sasa zimesaidia: kompyuta haifungwi na idadi ya rangi kama makopo ya zamani.

Tanzania imewahi kubishana hivi kuhusu sanaa yake yenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya mbao bapa za dari. Michoro yake iliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Rangi ile ilikauka polepole na haikuwa rahisi kuichanganya kwa ulaini, kwa hiyo alichora mnyama mmoja, mkubwa, kwenye uwanja wa rangi moja, na madoa ya kuhesabika. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani gari alilokuwamo lilikuwa la wahalifu. Wanafunzi wake, akina January Linda, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, wakaendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakasajili chama chao cha ushirika.

Leo turubai ya Tingatinga inaweza kubeba tembo ishirini, machweo yaliyofifishwa rangi kwa rangi, Kilimanjaro nyuma na kijiji kizima mbele. Wakusanyaji hutafuta ule ubao wenye chui mmoja. Watalii hununua turubai iliyojaa. Wachoraji wa sasa wana ustadi wa brashi kuliko mwasisi wao, na hili laonekana kwa macho. Bado chui wa 1970 humkaa mtu kichwani kwa muda mrefu zaidi. Sababu ni ileile ya Dragon Ball kwenye simu ndogo: vizuizi vya nyenzo vilimlazimisha mchoraji kuamua nini kibaki. Tena kile kinachoitwa mtindo wa asili kilidumu miaka minne tu mikononi mwa mwenyewe. Kila kilichofuata kilikuwa "kipya" kwa mtu fulani.

Mtindo huo ulipoingia kwenye uhuishaji, ulirudi kwenye umbo lake la kale. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, ilichukua mnyama mmoja mwenye madoa kwenye rangi bapa na kumfanya acheze. Haikuwa heshima tupu kwa mwasisi. Umbo bapa lenye mstari wazi ni rahisi kulisogeza viungo kwa kompyuta, kama walivyogundua pia waliotengeneza kipindi cha watoto cha Ubongo Kids Dar es Salaam kuanzia 2014. Mwaka 2023 mkusanyiko wa Kizazi Moto, wenye filamu fupi kumi za Kiafrika, ulionyesha kwamba vijana waliokulia kwenye anime hawalazimiki kuchagua kambi: Herderboy ya Mganda Raymond Malinga ina mwendo na mwanga wa kisasa, na Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii inabakiza ladha ya kazi ya mkono.

Mjini Morogoro mabadiliko hayohayo yanaonekana kwenye kuta. Saluni za kiume zilizochorwa vichwa kwa rangi ya mafuta zinapungua, na mabango yaliyochapwa kwa mashine, yenye picha za wachezaji na wasanii zilizotolewa intaneti, yanashika nafasi. Bango la mashine ni la bei nafuu na linafanana na uso wa mtu. Kichwa cha kuchorwa kilifanana na mkono wa mchoraji wa mtaa huo. Mteja wa kawaida amechagua, na ana sababu zake. Lakini mtaa umepoteza kitu ambacho hakiwezi kuagizwa tena kwa simu.

Anayetaka kujua kwa hakika yuko upande gani ana bahati, kwa sababu studio zimechora hadithi zilezile mara mbili. Hunter x Hunter ya 1999, iliyoongozwa na Kazuhiro Furuhashi, ni ya vivuli na rangi za udongo. Ile ya Madhouse ya mwaka 2011 inang'aa na inakwenda mbio. Sailor Moon ya 1992 ilirudi kama Crystal mwaka 2014, mistari ikiwa mizuri na nyuso zikiwa zimekakamaa, na mashabiki wengi hawakuipokea. Ranma ½ ya 1989 ilirudi mwaka 2024 ikiwa imehifadhi sura za kale ndani ya rangi mpya. Mwaka huohuo wa 2024 Grendizer wa Muscat na Beirut alirudi kama Grendizer U, kampuni ya Manga Productions ya Saudi Arabia ikiwa mshirika.

Jaribio linalofaa ni hili: mtu atafute sehemu ya kwanza ya Hunter x Hunter zote mbili, nakala zenye ubora unaolingana, kioo kilekile, sauti imezimwa, na amtazame mtoto Gon, shujaa wake, kwenye kisiwa chake cha Kujira. Katika ya 1999 msitu una uzito na mtoto ni mdogo ndani yake. Katika ya 2011 mtoto ndiye anayeshika jicho, na msitu ni jukwaa lake. Baada ya hapo atazame Trigun ya 1998 na Trigun Stampede ya 2023, ambayo studio ya Orange iliiunda kwa maumbo ya kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo mtetezi wa zamani atakutana na mpinzani wa kweli, kwa sababu uso mpya wa shujaa wake, Vash, unabeba majonzi ambayo yule wa seli, kwa mistari yake michache, aliyaacha mtazamaji ayakisie.